Perege na Jiwe Lake

Nilishuhudia mwenyewe, kwa macho haya yanayomwona sisimizi akipiga miayo ng'ambo ya mto. Katika tangi la samaki la Bi Mwatime, Perege alilikalia jiwe moja na kumng'ata mkia kila aliyesogea. Wadogo wakabaki na mikia nusu.

"Jiwe lenyewe hulibebi," Konokono alimcheka.

"Kimya, mtambaa vioo!"

Bi Mwatime akachoka. Akawatoa wote, akayapanga mawe upya, akawarudisha. Perege akazunguka kama mgeni stendi. Jiwe lake, wadogo wameshalijaza.

"Hodi jamani, sogeeni kidogo!"

Konokono akapita akitamba. "Pole, mpangaji. Mie nyumba yangu iko mgongoni!"

Yote kweli tupu, ila Konokono hakutamka neno. Nilimtungia mimi. Konokono gani ana ulimi mtamu hivyo?