Waya wa Grili

Bi Mwanahawa alishikilia kwamba grili ya maikrowevu yake imekufa kwa uchakavu tu. Fundi Mbaruku akaifungua, akabandua kipande cha utepe kilichofunika ncha ya waya ndani, akaguna.

"Koili ya moto ni nzima, Bi Mwanahawa. Waya ndio umekatwa kwa koleo. Nani aliifungua kabla yangu?"

Raya, bintiye aliyemsindikiza, akainamisha kichwa. "Ni mimi, mama. Mara tatu umewasha grili na bakuli la plastiki ndani. Juzi hata pazia likashika moto."

"Pazia gani?"

Bi Mwanahawa akakumbuka viberiti alivyovitafuta jikoni wiki nzima asivione.

"Niuunge waya?" fundi akauliza.

Bi Mwanahawa akauokota utepe mezani, akaanza kuuviringisha upya kwenye ncha ya waya, ubaki umekatwa vilevile.