Ukurasa wa Yona

Simu ilimuuliza kama ana hakika. Honorata akabonyeza ndiyo, na dagaa wa Jumapili iliyopita wakatoweka, pamoja na salamu zilizokuwa chini yao.

Alikuwa amefunga kibanda chake cha ushonaji mapema, Jumamosi mchana, akakaa nyuma ya cherehani na simu ya kaka yake, Yona. Posti tisini na nane. Angeweza kuufunga ukurasa wake wote wa mtandaoni kwa mara moja, lakini alizifuta moja moja, kama fundi anayefumua mshono uliokwenda kombo.

Yona alizama karibu miaka miwili iliyopita, mtumbwi ulipopinduliwa na upepo si mbali na Ujiji. Hakuonekana tena. Simu alikuwa ameiacha kwa dada yake ikichajiwa, asije akailowesha. Wiki hiyohiyo mjomba Selestini, mwenye mtumbwi, aliketi na ndugu wachache wakakata shauri. Mama yao kule Simbo ana moyo mbovu, na daktari amekataza asishtuliwe. Basi aambiwe mwanawe amevuka kwenda kuvua upande wa Kongo, ambako simu hazishiki ila intaneti ya kambini.

"Wewe ndiye unayejua kuandika," mjomba alimwambia Honorata. "Mwandikie mama yako kidogo, mpaka apate nguvu."

Hicho kidogo kikakaribia miaka miwili. Honorata aliwaondoa marafiki wote wa Yona, akabaki mama peke yake. Kila Jumapili akitoka kanisani aliandika habari za kambi isiyokuwepo na kuweka picha alizopiga mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhushia samaki. Na kila Jumapili, kabla jua halijazama, mama alijibu.

Sasa alizisoma salamu hizo kwa mara ya mwisho. *Asante mwanangu, kula ushibe. Asante mwanangu, baridi imeanza, funika kifua.* Honorata alikohoa, akatabasamu kwa uchungu. Yona alikuwa na kifua cha chuma. Mgonjwa wa kifua ni yeye. Mama alikuwa ameanza kuwachanganya wanawe. Lakini kuna jambo moja alilomshukuru Mungu: mama hakuwahi hata siku moja kuomba apigiwe simu.

Mjomba Selestini alipita na wavu begani, akaegemea mlango. Wiki nzima alikuwa akizurura mjini.

"Mwezi umetuweka ndani kama wanawali," alisema. "Ukiwa mpevu hivi, dagaa wanazicheka taa zetu, hakuna anayevua. Na wewe unafanya nini?"

Honorata akamwonyesha salamu ya Jumapili iliyopita, aliyoinakili kwenye karatasi kabla ya kuifuta: *Njoo nyumbani, mwanangu. Umekaa mno.* Yona angekujaje? Hata yeye mwenyewe, tangu msiba, alikuwa amefika Simbo mara tatu tu, saa moja moja, akisingizia nguo za wateja, kwa sababu hakuweza kumtazama mama usoni. Kesho, alimweleza mjomba, angekwenda kumwambia mama ukweli.

"Na moyo wake ukisimama?" mjomba aliuliza, safari hii bila utani.

"Nikimwandikia tena, mjomba, utasimama wangu."

Mzee akauhamishia wavu bega la pili, akaondoka.

Ilibaki posti moja, ile ya kwanza kabisa. *Mama, nimefika salama. Usiku wa kuamkia leo tumepata dagaa wengi, taa zetu zilikuwa kama mji.* Chini yake mama alikuwa ameandika: *Asante mwanangu. Huku mwezi ni mpevu, jana usiku nimechambua maharage uani bila taa. Andika tena.*

Honorata alifuta.

Kesho yake alimkuta mama ameketi mkekani uani, ungo mapajani. Kwenye mkoba Honorata alikuwa na vidonge vya presha, na namba ya mwenye gari wa Mwandiga, endapo ingebidi kukimbilia hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Na hicho kikohozi?"

Alipiga magoti, akauondoa ungo, akaishika mikono ya mama yote miwili. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kuzunguka. Yote yakamkimbia.

"Mama, Yona hayupo. Alizama. Yale yote nilikuwa naandika mimi, na jana nimeyafuta."

Alingoja ile mikono ilegee. Kuku alipita akidonoa maharage yaliyomwagika. Mikono ya mama ilibaki pale pale, yenye joto, na kidole gumba chake kikaanza kuusugua mgongo wa kiganja cha binti yake, taratibu, kama alivyokuwa akimfanyia zamani akiwa na homa.

"Umefuta zote?"

"Zote, mama."

"Ndiyo maana mimi na simu hatuaminiani," mama alisema. Akainuka kwa shida, akaingia ndani.

Alirudi na daftari la shule lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka mapajani mwa Honorata. Jumapili zote zilikuwamo, zimenakiliwa kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejifunzia kusoma kanisani. Hakuna hata moja iliyorukwa. Kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni ya habari ya dagaa wengi, mama alikuwa amechora mwezi, mviringo kama sahani.

Honorata alilifunga daftari, machozi yakimdondoka juu ya jalada. Akayafuta kwa kiganja, na hapo ndipo alipoona yaliyoandikwa kwenye mstari wa jina:

*Barua za Honorata.*