Mlango wa Kijani

Mlango wa kitabuni ulikuwa mwekundu. Mama Kipusa aliupaka kijani kwa kalamu ya rangi, katika kurasa zote saba unapotokea, akiangalia asivuke mstari. Alipomaliza alipuliza vumbi la rangi na kutabasamu peke yake.

Kilikuwa kitabu cha picha cha watoto, wala hakikutisha sana. Zimwi lililofanana na shuka linazurura nyumbani likibisha milango, na mwishoni inajulikana kwamba lilikuwa linasikia baridi tu. Mtoto analifunika blanketi, nalo linalala. Mtoto wa miaka minne angecheka, na ndiyo maana Mama Kipusa hakuufikia mwisho huo hata siku moja. Kila jioni alikifunga kitabu zimwi likiwa bado nyuma ya mlango.

"Imeisha?" Kipusa aliuliza jioni ya kwanza.

"Bado. Mwisho wake uko kwa baba yako."

Nyumba ya baba yake ilikuwa na mlango wa kijani. Aliupaka rangi mwenyewe mwaka uliopita, alipohamia huko na mwanamke anayeuza tiketi. Miaka sita ya ndoa, halafu mtu anaaga kwa kusema amechoka kutangaziwa maisha kama abiria! Maana mkewe ndiye sauti ya kituo cha treni: hukaa kwenye kibanda cha juu na kipaza sauti chake, akiwaambia watu wapande wapi na saa ngapi. Zamani bwana huyo huyo alikuwa akiachwa na treni makusudi, apate kuisikia tena sauti hiyo.

Kama angeondoka tu, pengine mkewe angemwacha aende zake. Lakini sasa alimtaka na mtoto. Alikuwa amepeleka maombi, na mama wa ustawi wa jamii, mtu mpole asiyeachana na daftari, alisema atamwuliza Kipusa mwenyewe angependa kuishi wapi, baada ya kumtembelea baba yake mara moja zaidi. Neno la mtoto lingepewa uzito.

Basi Mama Kipusa aliamua kulilea neno hilo. Dawa ya moto ni moto. Aliyemwachia nyumba tupu naye akimbiwe na mtoto, tena kwa kilio.

Alisoma wiki tatu. Alizima taa kubwa, akabakiza ile ndogo ya ukutani, akaficha uso nyuma ya kitabu. Kitabuni zimwi halikusema neno; maneno aliyatia yeye. Aliyasema kwa sauti ya kazini, ile nzito ya polepole, inayofika mpaka kwa abiria wa mwisho jukwaani.

"Kipusa. Nimekuona."

Jioni moja, blanketi likiwa limemfika puani, mtoto aliuliza, "Mama, likisema, wewe unakuwa wapi?"

"Nipo hapa hapa, mwanangu."

"Mbona sikuoni?"

Mama yake alicheka, akambusu kwenye paji la uso, akafunua ukurasa mwingine. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Siku hizi hata akimwita kutoka jikoni aje ale, mtoto alisita kwanza kabla ya kuitika. Woga huo na aende nao kwa baba yake.

Ijumaa baba alikuja kumchukua. Kipusa alimkumbatia mama yake shingoni, ikabidi vidole vibanduliwe kimoja kimoja. Mama Kipusa naye alilia, machozi ya kweli kabisa, lakini moyoni alikuwa anacheza ngoma. Jumamosi nzima alingoja simu ya kumwambia mtoto amekataa kulala. Haikulia. Wanaona haya kupiga, aliwaza.

Walipanga kumrudisha mtoto Jumapili saa kumi, pale pale kituoni, kwa kuwa zamu ya mama ilikuwa inaisha saa hiyo. Kipusa hakuwahi kufika kazini kwa mama yake. Mama wa ustawi alitangulia, akasimama jukwaani na daftari lake.

Treni iliingia saa kumi kasoro dakika tano. Kutoka dirisha la kibanda Mama Kipusa aliwaona wakishuka: aliyekuwa mumewe, yule mwanamke, na katikati yao Kipusa na gauni lake la njano, akigeuza kichwa huku na huku. Anamtafuta mama yake huyo! Furaha ilimpanda mpaka kooni. Alitaka yule bwana asikie, na yule muuza tiketi asikie, na jukwaa zima lijue mtoto ni wa nani. Sheria za kazi zilikataza mambo hayo. Alibonyeza kitufe.

"Kipusa," spika zote zilisema. "Nimekuona."

Kisha akashuka ngazi mbili mbili.

Alipofika chini, mtoto alikuwa ameshawaponyoka wale wawili, anakuja mbio, mikono wazi, uso umelowa. Alimrukia shingoni akang'ang'ania. Juu ya bega lake dogo Mama Kipusa alimtazama aliyekuwa mumewe, amesimama na kibegi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu aachwe alihisi wamelipana.

Mama wa ustawi alichutama karibu nao. Alimwuliza Kipusa, taratibu, angependa kuishi wapi.

"Kwa Baba," Kipusa alisema, bado amemkumbatia mama yake. "Na Mama tumchukue. Kule nimefungua milango yote, zimwi halipo. Liko huku. Linamfuata Mama mpaka kazini. Limeniita sasa hivi."