Nyumba ya Mama Atuganile Yarudi

Siku hizi moto wa msitu ukikaribia, sheria inataka nyumba yenyewe ihamishwe. Wahandisi wa jeshi la akiba huivuta kwa magurudumu mpaka bondeni, na moto ukizimika huirudisha.

Ya Mama Atuganile ilirudi jana asubuhi. Alikimbilia jikoni. Chungu cha marehemu mama yake, alichokisahau mekoni, kilikuwa kizima, kimefungwa kwa kamba za viatu kisianguke.

"Mungu awabariki, wanangu! Hamwondoki bila chai."

Koplo Mgaya, ambaye siku za kawaida ni fundi cherehani pale sokoni, alikunywa vikombe viwili, akashukuru, akainuka.

"Na magurudumu? Hamyatoi kama siku zote?"

Mgaya alitazama buti zake zisizo na kamba.

"Safari hii tumeambiwa tuyaache, mama."