Mzazi wa Kwenye Fomu

Sheria iliruhusu kumfundisha mwanao nyumbani, ila jina lako lilihamishwa kutoka orodha ya wazazi kwenda ya walimu, na mtoto akapangiwa mzazi mwingine.

Tusekile alisaini. Binti yake, Bupe, alikuwa darasa la nne na hakuweza kusoma hata jina lake. Shuleni walifundishwa kubonyeza picha tu. Mwaka mzima, jikoni kwao Rungwe, huku viazi vikichemka, alimfundisha herufi, silabi, kisha maneno. Mzazi aliyepangwa hakuwahi kufika, na Tusekile akaanza kuisahau ile saini.

Kisha Bupe akashikwa na tumbo. Hospitalini daktari alisema utumbo umejikunja, apasuliwe upesi.

"Anayeidhinisha ni mzazi," muuguzi alisema, akitazama kioo cha kompyuta. "Wewe umeandikwa mwalimu."

"Nimemzaa mimi, dada yangu."

"Najua, mwalimu. Hata sura mmefanana. Lakini chumba cha upasuaji hakifunguki bila alama ya kidole cha mzazi aliyeandikwa. Tumempigia, yuko njiani kutoka Songea. Wewe subiri nje."

Kitandani, Bupe aliinua fomu iliyowekwa kifuani pake. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini alisoma kwa sauti bila kukwama popote.

"Mzazi: Anyelwisye Mwakalinga." Akamgeukia Tusekile. "Mama, nimepatia?"

"Umepatia, mwanangu," Tusekile alijibu, huku muuguzi akimshika kiwiko taratibu na kumwongoza mlangoni.