Nungunungu na Mtoto wa Swala

Ukame ulipozidi, Swala alimwacha mtoto wake kwa jirani yake Nungunungu, akaenda mbali kutafuta majani. Nungunungu hakuweza kumkumbatia mtoto kwa sababu ya miiba, lakini kila alipolia alimwitikia.

Mvua ziliponyesha Swala alirudi. Mtoto akajificha nyuma ya Nungunungu.

"Dada, umenichukulia mwanangu," Swala alisema, machozi yakimtoka.

"Sijamchukua. Usimvute tu. Akilia, mwitikie."

Jioni radi ilipiga, mtoto akalia. Nungunungu alifungua kinywa, kisha akakifumba.

"Niko hapa, mwanangu," Swala aliitikia.

Mtoto alisita, akamtazama Nungunungu, halafu akaenda kwa mama yake. Nungunungu aliingia shimoni peke yake, akatega sikio huenda akaitwa.