Mguu wa Koplo Ndimbo

Siku hizi askari mstaafu ana haki ya kumwachia nesi wake maumivu, kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo. Mimi nilistaafu unesi wa jeshi zamani, lakini Koplo Ndimbo bado huniletea mguu wake uliovunjika vitani. Tunashikana mikono, vidude vya kuhamisha maumivu tulivyovaa kwenye vifundo vya mikono vinalia, naanza kuchechemea mimi. Yeye huacha fimbo mlangoni akaenda zake kama kijana.

Jana asubuhi alikuja na suti. Mjukuu wake alikuwa anaolewa.

“Afande, leo nacheza mpaka viatu viombe maji!”

“Cheza taratibu, mzee wewe. Mguu wako, kilio changu.”

“Ukiona umepona ghafla, ujue nimekufa,” akanitania. Ndivyo ilivyo kweli: mwenyewe akifa, maumivu yake hayabaki kwa mtu.

“Ufe uniachie hiyo fimbo mbovu? Thubutu!”

Mchana nilikanda unga wa chapati nimeegemea meza. Mguu uliwaka moto, na kila uliponichoma nilijua mzee huko anaserebuka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Chapati ya kwanza ikiwa jikoni, mguu ukanyamaza. Nikakanyaga nao. Nikaruka kidogo. Ulikuwa mwepesi kama wa msichana.

Simu ikaanza kuita. Sikuipokea. Nilichukua fimbo yake pale mlangoni, nikajichapa nayo muundini kwa nguvu zangu zote, kisha nikachechemea kwenda kugeuza chapati.